Mbwa Wetu Subira na Damu Iliyokoma

Huenda msomaji atauliza, "Mwalimu, habari za watu zimekwisha hata utuandikie habari za mbwa?" Swali hilo ni la haki. Nami najibu kwamba habari hii mwanzo wake ni mbwa, lakini mwisho wake ni mtu. Isomeni mpaka mwisho, tena msomeeni yule mzee wa nyumbani ambaye macho yake hayazioni tena herufi, maana huenda ni yeye hasa ninayemwandikia.

Mimi nakaa karibu na Matema, mahali ambapo Milima ya Livingstone inashuka mpaka majini na mchanga wa Ziwa Nyasa unaanza. Nilifundisha shule za msingi kwa miaka 38. Nilipostaafu nilirudi kwenye shamba la marehemu baba: kakao chini ya migomba, michikichi michache, na bonde la mpunga kando ya mto. Shamba la namna hiyo halikai bila mbwa. Kakao ikianikwa, mchana huja mbuzi na usiku huja wezi. Basi tulikuwa na mbwa jike wa kienyeji, rangi yake kama chungu kipya, masikio yamesimama. Mke wangu alimwita Subira, kwa kuwa tulimpata mwaka ule tulipokuwa tukingojea malipo yangu ya uzeeni, nayo yalikawia sana.

Subira hakuwa mbwa wa kubembelezwa. Hakuingia ndani ya nyumba wala hakuogeshwa kwa sabuni. Alilala barazani juu ya gunia, karibu na bomba langu la kupulizia dawa shambani, na alfajiri alinifuata ziwani nilipokwenda kununua usipa. Jioni, kaka yangu alipokuja kukaa nasi barazani, Subira alilala miguuni pake. Kaka yangu ni mvuvi tangu ujana wake. Ni mtu wa maneno machache na sigara nyingi, na mbwa yule alimpenda kuliko alivyonipenda mimi niliyemlisha. Miaka kumi ilipita hivyo, na katika miaka hiyo Subira hakuugua hata mara moja.

Mwezi wa Juni mwaka 2022, watu wakiwa katika kuvuna mpunga, mjukuu wangu alinijia mbio. "Babu," akasema, "Subira anakojoa kila mara, na mchanga umekuwa mwekundu." Nikatoka kutazama. Mbwa alichuchumaa, yakatoka matone machache, akaenda hatua tano, akachuchumaa tena. Na kweli mkojo ulikuwa na damu.

Watu walikusanyika kutoa mashauri, kama ilivyo desturi. Mmoja alisema ni siku zake za joto tu. Mwingine alisema amekula sumu ya panya. Wa tatu alisema ametupiwa kitu na mtu mwenye wivu na kakao yetu. Kaka yangu peke yake hakusema kitu mpaka wote walipoondoka. Kisha akasema, "Mdogo wangu, usijisumbue. Damu ya namna hiyo hukoma yenyewe. Ikikoma, jambo limekwisha." Alisema kama mtu anayelijua jambo lile. Wakati huo mimi sikufikiri zaidi.

Ikawa kama alivyosema. Baada ya juma moja damu ilikoma, Subira akala vizuri, akawafukuza mbuzi kama kawaida. Tukasahau.

Mwezi wa Agosti damu ilirudi. Safari hii nilimwita bwana mifugo wa kata yetu. Alikuja na pikipiki yake, akavaa mipira mikononi, akamtazama mbwa sehemu za siri kwa uangalifu sana. Nilimwuliza anatafuta nini. Akasema, "Mwalimu, mbwa wa vijijini wana ugonjwa wa uvimbe ambao huambukizana wakati wa kupandana. Uvimbe huo huota sehemu za siri, nao hutoa damu, hata mtu akadhani ni mkojo. Huo ukigunduliwa, tunachoma sindano mara moja kwa juma kwa majuma kadhaa, na mbwa wengi hupona kabisa. Lakini kwa Subira siuoni." Akasema huenda ni vijidudu vimeingia kibofuni, akatoa vidonge vya siku kumi. Alipopanda pikipiki aligeuka akaniambia, "Damu ikirudi baada ya dawa kwisha, Mwalimu, usikae. Mpeleke Mbeya akapimwe."

Siku ya tano damu haikuonekana tena. Nami nikakaa. Bwana mifugo alikuwa amenena sawasawa, na kosa ni langu mimi. Nilidhani ya kuwa damu iliyokoma ni ugonjwa uliokoma. Damu iliporudi kidogo mwezi wa Oktoba, nilijiambia kwamba kakao haijauzwa bado, kwamba ada ya shule ni kubwa, na kwamba watu watacheka wakiona mzee amempakia mbwa garini kumpeleka hospitali kana kwamba ni mama mjamzito. Nikanunua tena vidonge vile vile katika duka la dawa za mifugo, bila kumwuliza mtu. Damu ikakoma tena. Nikasema moyoni, subira yavuta heri. Lakini mtu anayesubiri huwa amekwisha kutenda yaliyo juu yake, na mimi nilikuwa sijatenda lolote.

Mwezi wa Januari mwaka 2023 mambo yalibadilika. Subira alikonda, mbavu zikahesabika. Alianza kuchechemea mguu wa nyuma, na usiku tulimsikia akikohoa. Alijikaza kukojoa mpaka mwili wote ukatetemeka, na palitoka tone moja au halikutoka hata hilo. Mke wangu alisema, "Baba, mnyama huyu anatuomba." Kesho yake mpwa wangu alikuwa akipeleka mchele Mbeya kwa pikapu yake. Tukamlaza Subira kati ya magunia, nami nikakaa naye nyuma.

Wanaoijua njia ile wanajua. Unaacha joto la Kyela na michikichi, unapanda Tukuyu kwenye chai na ukungu, unaendelea kupanda mpaka baridi ya Uyole inakupiga masikioni. Subira alitetemeka, nikamfunika koti langu. Kila gari liliposimama alijaribu kushuka ili akojoe. Nilikuwa na saa nyingi za kufikiri juu ya ile miezi saba.

Daktari wa mifugo aliyetupokea mjini alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa mwisho. Alinipa shikamoo, akamsalimu na mbwa vilevile kwa kumpa mkono anuse, ndipo akaanza kazi. Alimpapasa tumbo, akaingiza kidole nyuma, akapima mkojo kwa hadubini, akampiga picha kwa ile mashine ya ultrasaundi, na mwisho picha ya kifua na ya mguu. Kisha akanivutia kiti.

"Baba," akasema, "ndani ya kibofu cha Subira kuna uvimbe. Umeota kwenye shingo ya kibofu, pale ambapo mirija ya kutoka kwenye figo inaingia na njia ya mkojo inaanza. Ni saratani. Kwa mbwa wengi huota mahali hapo hapo, ndiyo maana wanajikaza kukojoa. Uvimbe umeziba njia kama takataka zinavyoziba mfereji."

Nilimwuliza, "Binti yangu, mbona vidonge vilimponya mara mbili?"

Akajibu, "Havikumponya. Kibofu chenye uvimbe huingiliwa na vijidudu upesi. Vidonge viliua vijidudu, damu ikapungua, lakini uvimbe ulibaki ukikua. Tena hata pasipo dawa, uvimbe wa kibofu hutoa damu leo na kesho usitoe. Hiyo ndiyo hila yake."

Nilimwuliza kwa nini asitoboe tumbo kwa sindano kuchukua kipande cha uvimbe ule apate uhakika zaidi. Alisema wataalamu wanakataza jambo hilo kwa saratani ya kibofu, kwa maana chembe zake zaweza kushika kwenye njia ya sindano na kuota hapo hapo katika nyama ya tumbo. Chembe alizoziona katika mkojo, pamoja na picha, zilitosha.

Ndipo akanionyesha picha nyingine. Tezi zilizo chini ya uti wa mgongo, karibu na nyonga, zilikuwa zimevimba. Katika mapafu palikuwa na madoa meupe ya mviringo. Na mfupa wa paja ulikuwa umeliwa mahali pamoja. "Hiki ndicho kikohozi," akasema, "na huku ndiko kuchechemea."

Nitaeleza jinsi saratani hii inavyosafiri, kama alivyonieleza yeye na kama nilivyosoma baadaye, kwa mfano wa mpunga ambao sisi wa Kyela tunaujua. Gugu baya likiota katika jaruba moja na likang'olewa mapema, majaruba mengine yanapona. Likiachwa likomae, mbegu zake zinaanguka majini, na maji yanazipeleka kwenye jaruba la chini, na la chini yake. Ndivyo ilivyo kwa saratani. Kwanza huota katika ngozi laini ya ndani ya kibofu. Halafu hupenya katika nyama ya kibofu chenyewe, na huweza kushuka katika njia ya mkojo, na kwa mbwa dume kuingia katika tezi dume. Kisha chembe zake huchukuliwa na majimaji ya mwili mpaka kwenye tezi za nyonga, na kwa damu mpaka kwenye mapafu, ini na mifupa. Wakati ugonjwa unapogunduliwa, mbwa walio wengi huwa bado haujaonekana mahali pengine. Lakini wanapokufa, zaidi ya nusu yao huwa umekwisha kufika huko. Kati ya wakati ule na huu ndimo nilimokaa mimi na vidonge vyangu.

Tuliporudi nyumbani, habari ilienea mtaani kwamba mbwa wa Mwalimu ana kansa. Majirani wakaanza kuwazuia watoto wasipite uani kwetu. Basi ilinipasa kueleza, na nitaeleza hapa pia. Saratani ya kibofu haimhami mbwa kumwingia mtu, wala haimhami mbwa mmoja kumwingia mwingine. Ule uvimbe wa kupandana alioutafuta bwana mifugo ndio unaohama, nao huhama kati ya mbwa na mbwa, si kwa binadamu. Neno kuenea lina maana mbili, na watu wakizichanganya wanamtesa mgonjwa bure. Saratani ya Subira ilienea ndani ya Subira peke yake.

Lakini kuna jambo moja ambalo mbwa na mtu wanashirikiana. Wanaweza kuupata ugonjwa huu kwa sababu moja, kila mmoja kwa upande wake. Mwaka 1895 daktari mmoja Mjerumani, Ludwig Rehn wa Frankfurt, aliona kwamba watu waliofanya kazi katika kiwanda cha rangi walikuwa wakiota uvimbe kibofuni. Kwa miaka mingi watu walibishana kama rangi ndiyo iliyoleta. Wanyama wengine wa maabara waliopewa dawa zile hawakuonyesha ugonjwa ule. Ndipo mwaka 1938 huko Marekani daktari Wilhelm Hueper na wenzake walipoonyesha kwamba mbwa waliopewa dawa moja ya viwanda hivyo walipata saratani ya kibofu kama wafanyakazi wale. Mbwa ndiye aliyetoa ushahidi. Na katika miaka yetu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliwachunguza mbwa wadogo wa Uskoti, ambao kwa ukoo wao hupata ugonjwa huu karibu mara 20 kuliko mbwa wengine. Mwaka 2004 walitangaza kwamba wale waliokaa kwenye bustani zilizopuliziwa dawa ya kuua magugu waliugua zaidi kuliko wale ambao bustani zao hazikupuliziwa.

Niliposoma hayo nilitoka nje nikalitazama lile bomba langu barazani, na gunia la Subira kando yake. Sitasema dawa ile ndiyo iliyomwua. Kwa mbwa mmoja hakuna awezaye kusema hivyo. Tena alikuwa mzee na alikuwa jike, na mambo hayo mawili pia huongeza hatari. Lakini siku hiyo hiyo nilijenga kibanda cha dawa mbali na nyumba, chenye kufuli. Wajukuu zangu nao walikuwa wakichezea baraza ile.

Daktari alikuwa amenipa dawa iitwayo piroksikamu. Nilishangaa, maana ni dawa ambayo watu hupewa kwa maumivu ya viungo. Alisema imeonekana kwamba kwa baadhi ya mbwa hupunguza uvimbe huu kwa muda, na kwa wengi hupunguza maumivu, lakini alinionya kwamba kipimo cha mtu humtoboa mbwa tumbo, na kwamba nisithubutu kumpa mbwa mwingine yeyote kwa akili yangu. Subira alipata nafuu. Alikojoa vizuri zaidi, alikula, na jioni alijikokota mpaka miguuni pa kaka yangu kama zamani.

Sasa nakuja kwa yule niliyesema ndiye mwisho wa habari.

Jioni moja ya mwezi wa Machi mvua ilikuwa imepiga tangu mchana, na mitumbwi yote ilikuwa imevutwa mchangani. Tulikaa barazani sisi wawili. Kaka aliniuliza nimweleze tena maneno ya daktari, yote, kuanzia mwanzo. Nikamweleza: damu inakuja, damu inakoma, nayo haina maumivu mwanzoni, mtu anafikiri amepona, kumbe uvimbe unakua. Nilipofika kwenye mapafu na mifupa, sigara yake ilikuwa imezimika mkononi naye hakujua.

Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, huku akimtazama mbwa wala si mimi, "Na mimi."

Nikasema, "Na wewe nini, kaka?"

Akasema, "Ilikuja msimu wa mpunga wa mwaka juzi. Nilikuwa mtumbwini usiku, nikaona kwa mwanga wa taa. Ikakoma. Ikaja tena. Nilichomwa sindano dukani, ikakoma. Imekuja mara nne. Shemeji yako hajui."

Ndipo nilipoelewa kwa nini alijua kwamba damu ya Subira ingekoma.

Nilimwuliza kwa nini alificha. Alisema mzee hawezi kuwaeleza watoto wake habari za mkojo wake. Alisema aliogopa watu watasema amepata ugonjwa wa zinaa. Tena alisema aliogopa kupelekwa Dar es Salaam, Ocean Road, ambako watu wa kwetu hudhani mtu huenda kufa tu. Nilimwambia, "Kaka, sote wawili tulimtazama mbwa huyu akiisha kidogo kidogo, na wewe peke yako ulikuwa unajua unatazama nini. Kesho tunakwenda." Wazee walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Nilimkumbusha hilo. Hakujibu, lakini alfajiri nilimkuta tayari mlangoni kwangu, amevaa koti lake la Jumapili.

Katika hospitali kubwa kule Mbeya walimwuliza kwanza kama aliogelea ziwani na kufanya kazi katika majaruba tangu utoto. Nani kati yetu hakufanya hivyo? Walikuwa wakifikiria kichocho, ugonjwa wa mdudu anayetoka kwa konokono wa majini na kumwingia mtu kwa ngozi. Mjerumani Theodor Bilharz ndiye aliyemgundua mdudu huyo Cairo mwaka 1851. Mayai yake hukaa katika kuta za kibofu na kuziumiza miaka na miaka, na mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimhesabu kuwa miongoni mwa mambo yaliyothibitika kuleta saratani ya kibofu. Kichocho kimo katika sehemu za ziwa letu. Upande wa kusini, nchini Malawi, wataalamu walieleza kwamba samaki wanaokula konokono walipovuliwa mno, konokono waliongezeka na kichocho kikaongezeka pamoja nao. Kina dawa, iitwayo prazikwanteli. Mtu mwenye damu katika mkojo asiache kupimwa kichocho. Lakini akiisha kunywa dawa na damu ikarudi, asiseme ni kichocho kile kile.

Kwa kaka mayai hayakuonekana. Daktari alimwuliza juu ya sigara, naye akasema ukweli: pakiti moja kwa siku, tangu umri wa miaka 17. Daktari alimwambia kwamba tumbaku ndiyo sababu kubwa kuliko zote duniani ya saratani ya kibofu. Moshi unavutwa na mapafu, sumu yake inachujwa na figo, na mkojo wenye sumu unakaa kibofuni kwa saa nyingi. Kaka alikuwa hajawahi kufikiri kwamba moshi unaweza kufika huko.

Walimwingiza mrija mwembamba wenye kamera kwa njia ya mkojo. Waliona uvimbe mmoja, mdogo kama punje ya mhindi, umeota katika ngozi ya ndani. Waliukata kwa njia hiyo hiyo, bila kupasua tumbo, wakaupeleka kupimwa. Majibu yalikuwa saratani, lakini ilikuwa bado haijaingia katika nyama ya kibofu.

Hapa ndipo penye tofauti kati ya mtu na mbwa, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kwa mbwa, karibu wote wanapoletwa ugonjwa umekwisha kuingia katika nyama ya kibofu. Mbwa hawezi kusema. Tunamjua anapoanza kuteseka. Lakini kwa binadamu, hasa katika nchi ambazo watu hupimwa mapema, walio wengi hukutwa uvimbe ukiwa bado juu juu. Mtu amepewa kinywa cha kusema siku ya kwanza anapoiona damu, wakati gugu lingali katika jaruba moja. Kaka yangu, mwenye kinywa, alikaa miezi mingi kuliko mbwa wetu. Aliponea chupuchupu.

Subira alikufa mwanzoni mwa mwezi wa Mei, wakati maji ya masika yalipokuwa yamejaa mabondeni. Mkojo ulifunga kabisa. Bwana mifugo alikuja kwa miguu kwa sababu ya tope, akamchoma sindano ya kulala, na kaka ndiye aliyeshika kichwa chake. Tulimzika chini ya mchikichi upande wa ziwani. Watoto walitaka kujua kama inafaa kumlilia mbwa. Mke wangu aliwaambia walie.

Kaka yu hai. Mwanzoni alirudi Mbeya kila baada ya miezi mitatu ili kibofu kitazamwe tena, kwa maana saratani hii hupenda kurudi mahali pale pale. Mara moja waliona kijiuvimbe kipya wakakikata. Mara nyingine hawakuona kitu. Bado anakwenda kila anapoitwa. Sigara ameacha, ingawa kwa hasira nyingi, na kwa miezi ya kwanza hatukuweza kukaa naye. Ya kesho hatuwezi kuyasema, lakini usiku wa leo yumo ziwani, na taa yake naiona nikiandika.

Basi, ndugu zangu, nawaachia maneno machache ya kukumbuka.

Ukiona damu katika mkojo wako, hata mara moja, hata kama huumwi, nenda ukapimwe. Ikikoma usingoje irudi. Nanyi akina mama ambao mara kwa mara huambiwa ni vijidudu tu, dawa ikiisha na damu ikarudi, ombeni mpimwe zaidi. Msiridhike na vidonge vile vile mara ya tatu.

Ninyi wenye baba, wajomba na kaka wazee, waulizeni. Mzee hatasema mwenyewe. Mwulizeni kwa heshima, mkiwa wawili, jioni, bila watoto.

Na mwenye mbwa anayechuchumaa mara nyingi, anayejikaza, au anayetoa damu, amwite bwana mifugo mara ya kwanza, tena amtii mara ya pili. Dawa za shambani zikae mbali na pale wanapolala wanyama na wanapocheza watoto.

Mbwa mwingine tumempata, mtoto wa jirani amemleta. Mke wangu ameniuliza tumwite nani. Nimemwambia jina lolote atakalo, ila Subira tusilirudie kwa sasa.